Mwalimu Aliyenyang'anywa Madarasa

Mtu akiniuliza Mwalimu wa Mikono alitufundisha somo gani, nakwama. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa biolojia. Lakini ndani ya hiyo biolojia tulikandika nyumba, tulipika, tulilima wimbi la ugali, tulimsimamia mbuzi wa jirani akizaa, na siku moja tulijipanga darasa zima mbele ya mama mmoja wa Buhehe kumwomba radhi, kwa sababu mlango tuliomtengenezea ulikuwa haufungi. Sasa hilo ni somo gani? Jina la Mwalimu wa Mikono tulimpa sisi wanafunzi, kwa kumcheka, na yeye badala ya kukasirika akalipokea kama mtu aliyepewa kuku. Mpaka leo ukitaja jina lake la ubatizo kati ya Masafu na Busia, watu watakuuliza, nani huyo?

Hakujua kukaa. Nikisema hivyo watu wanadhani natia chumvi. Darasani kiti cha mwalimu kilikuwa cha kuwekea panga na mbegu. Chumba cha walimu alikuwa anaingia, anakunywa chai amesimama, anatoka kikombe kikiwa bado kinafuka. Akiongea na wewe anakuzunguka, nawe unageuka naye mpaka unashikwa na kizunguzungu. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka utamwona yuko nje anachunguza bawaba ya dirisha. Baadaye nimekuja kuwa mwalimu na mimi, na ugonjwa wenyewe ameniambukiza, kwa hiyo msinishangae nikirukaruka hapa.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, na alikisema kwa kila mtu, mpaka kwa wauza chapati wa getini: apewe darasa moja tangu kidato cha kwanza, akae nalo mpaka cha nne, alitoe kwa mkono wake mwenyewe. Basi. Ukuu wa shule hakuutaka, na alipopewa unaibu kwa muda alilia kama amefiwa. Lakini hilo darasa moja hakulipata. Shule zote alizopita, huku Busia na kule Tororo kwao, zilimkaribisha vizuri na kumpa watoto wa mwanzo, kwa sababu watoto wa mwanzo hakuna anayewaogopea. Mtihani wa taifa ukianza kunusa, wakuu wa shule wanaingiwa na baridi. Wazazi wanauliza mbona daftari ni jeupe na sare ni nyekundu kwa udongo. Hapo analetwa mwalimu mwingine wa kuwajazia watoto daftari, na yeye anarudishwa kuanza na wapya, au anahamishwa kabisa.

"Mimi nalea mtoto," alikuwa akisema, "nafika wakati ya kuota meno, wananyang'anya."

Mimi nilitoka ng'ambo, upande wa Kenya. Mama alikuwa muuza mitumba sokoni Busia ya Kenya, maana mji huo umekatwa na mpaka, na aliamua nivuke nikasome Uganda kwa sababu dada yake alikuwa ameolewa huku na angeniangalia. Wenzangu nyumbani walinicheka, wakasema huko watu wanasoma kwenye sinia. Maana Uganda kidato wanakiita sinia: sinia wani, sinia tuu, mpaka sinia foo, na kwetu sinia ni ya kupakulia pilau. Kwa hiyo nilifika nimejiandaa kudharau. Kiswahili chao chenyewe kilinivunja mbavu, "kitabu yangu," "wewe nakwenda wapi," na huyu mwalimu wetu, Mpadhola wa Tororo, ndiye aliyekuwa bingwa wa kukivunjavunja. Aliniita Mkenya tangu siku ya kwanza, na jina langu hajawahi kulitaja.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "mfano." Tulilijua hilo mapema. Alituambia kila mmoja afikirie nyumba, kisha alete alichofikiria. Kulikuwa na kijana mmoja, baba yake wakala wa forodha pale mpakani, akaja na nyumba ya katoni iliyopakwa rangi, madirisha ya nailoni, hata antena juu. Tulipiga makofi. Mwalimu akaizunguka ile nyumba mara nyingi.

"Nani nalala hapa?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu. Ni mfano."

"Mfano ya nani?"

"Mfano wa nyumba."

"Na mvua nakuja?"

Kabla yule kijana hajajibu, mwalimu amechukua kopo la maji ameimwagia. Lo! Tulipiga yowe. Nyumba ikalegea, ikainama, ikalala. Mwenyewe akabaki ameshika antena.

"Sawa," mwalimu akasema, hana hata habari. "Sasa twende tuone nyumba ambayo mtu nalala."

Ndipo tukapelekwa Buhehe, kwa yule mama niliyemtaja. Alikuwa mjane, Msamia, mdomo wake mkali, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeachia ufa ambao kuku walikuwa wanapita bila kuinama. Kila Ijumaa tulikwenda. Wavulana walipewa kukandika, yaani kuchanganya udongo na mavi ya ng'ombe na kupaka ukuta kwa kiganja, na wasichana tukapewa kukata miti na kutengeneza mlango. Wavulana walinung'unika. Mmoja akasema waziwazi kwamba kukandika ni kazi ya akina mama.

"Udongo nauliza wewe kama ni mwanaume?" mwalimu akamjibu. "Ingiza mkono."

Akaingiza. Sasa ngoja, usije ukadhani alikuwa mtu wa kuvunja kila mila. Ilipofika zamu ya nyasi za paa, mimi nikashika ngazi nipande. Nilikuwa na mwili mwepesi na niliona wavulana wanavyochelewa.

"Nyako, shuka," akasema. Nyako kwa lugha yao ni msichana.

"Mwalimu, si umesema udongo hauulizi?"

"Udongo hauliza. Paa nauliza."

Darasa lilicheka mpaka likakaa chini. Mimi nilikuwa nawaka. Nikamuuliza kuna nini huko juu, na huyo mtu mzima, msomi, mwalimu wa biolojia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake bado yuko hai Tororo, bado anakula ugali, na akisikia mwanawe amempandisha msichana juu ya paa la watu, atakuja hapa na fimbo. Ni mwiko, kwao na kwetu pia, mwanamke hapandi paa. Aliyetuokoa ni mwenye nyumba.

"Mvua ikininyeshea," yule mjane akasema, "huo mwiko ndio utanifunika? Panda, mwanangu."

Nikapanda. Mwalimu akaenda nyuma ya nyumba, akatazama shamba la mhogo la jirani, na alikaa huko mpaka niliposhuka. Aliporudi akauliza nani kafunga zile nyasi vizuri namna hiyo, maana yeye hakuona kitu.

Mlango ndio uliotuaibisha. Tuliupima siku ya jua, mvua ikanyesha, mti ukavimba, mlango ukagoma. Mjane akatuma salamu shuleni kwamba analala mlango wazi kama duka. Mwalimu angeweza kwenda yeye, au kumtuma fundi. Hapana. Alitupeleka sote, akatusimamisha uani, akamwambia kila mmoja wetu amtazame yule mama usoni aseme neno lake. Hilo ndilo somo lililokuwa gumu kuliko yote. Mtihani ukiufeli, unafeli peke yako na karatasi yako. Pale kulikuwa na mtu mbele yako ambaye hakulala. Nilisema "samahani" na sauti haikutoka, mjane akasema, "Sikusikii," nikarudia. Kisha akatupa mihogo ya kuchemsha, tukarekebisha mlango, ukafunga.

Sasa nifike kwenye neno lililonisumbua.

Katika muhula huo nilitengeneza kichanja cha vyombo, kile cha miti cha kuanikia sahani na masufuria nje ya jiko, kwa ajili ya mpishi wa shule. Nilikitengeneza kwa moyo wangu wote. Nilichagua miti iliyonyooka, nikaifunga kwa kamba za katani, nikakilaza kidogo upande mmoja ili maji yatiririke yasirudi kwenye sahani. Mwalimu akaja, akazunguka, akakitikisa, akakikalia hata. Akanitazama.

"Mkenya," akasema. "Umejaribu."

Akaenda zake.

Nilikufa. Wewe uliyezaliwa upande wetu unajua "umejaribu" ni nini. Ni neno la kumwambia mtoto aliyekuja wa mwisho kwenye mbio. Ni kumwambia mtu pole, hukuweza, lakini tumekuona ukihangaika. Nikakibomoa kile kichanja siku hiyohiyo, nikakijenga upya, kirefu zaidi. Akaja, akatazama. "Aa, Mkenya! Umejaribu sana." Sana! Nikakibomoa tena, nikaanza cha tatu. Mpishi akaanza kunichukia, maana sahani zake zilikuwa zinalala chini kwenye vumbi kila siku nikivunja. Nilikuwa silali vizuri, nilikuwa na hasira na kila mtu, na vidole vimejaa vibanzi. Mwalimu naye alikuwa anashangaa huyu msichana ana nini, anavunja kitu kizuri kila kikisimama.

Nikamwambia mama likizo ya katikati ya muhula. Makosa! Mama sauti yake ilikuwa ya mnada, ya mtu anayeita wateja juu ya kelele za malori. Alivuka mpaka asubuhi na leso yake kiunoni, akaingia shuleni kama ameitwa, akamkuta mwalimu uani na darasa lake.

"Wewe ndiye mwalimu wa mikono?"

"Ndiyo mama, karibu."

"Karibu yako weka. Skiza. Mtoto wangu hajaribu. Mtoto wangu anafanya! Kama kazi yake ni mbaya mwambie ni mbaya, usimwambie amejaribu amejaribu kama kiwete!"

Mwalimu akaanza kumzunguka. "Lakini mama, huyu mtoto amejaribu kabisa. Kupita wote."

"Unaona! Anarudia mbele yangu!"

Haki ya Mungu nilitamani ardhi ipasuke. Aliyetuokoa ni karani wa shule, dada mmoja Msamia mwenye ndugu pande zote mbili, aliyetoka ofisini akicheka mpaka anashika ukuta. Akamweleza mama: huku, mtu akikwambia umejaribu, amekuvika taji. Mgonjwa akipona wanamwambia daktari amejaribu. Bibi harusi akipendeza, mama yake anaambiwa amejaribu. Hakuna sifa kubwa zaidi. Mama akamtazama karani, akamtazama mwalimu, akanitazama mimi na vidole vyangu.

"Ala," akasema. "Sasa si mseme 'kazi nzuri' kama watu."

Mwalimu alilifikiria hilo akizunguka. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: "Hapana, mama. Kazi nzuri nasifu kazi. Umejaribu nasifu mtu."

Mama alifungua leso yake kiunoni. Alikunywa chai, akakitazama kichanja, akamwambia mpishi kwamba mwanawe amejaribu, kwa lafudhi yake ya Kenya, na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevunja vitu viwili vizuri kwa sababu ya neno, na nilijiona mjinga wa mwisho. Hata sasa, mtu akiniambia umejaribu, moyo unashtuka kwanza ndipo unafurahi.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alitufundisha uvumilivu na yeye hakuweza kungoja maji yachemke, alikuwa anafunua sufuria kila mara mpaka mpishi akamfukuza jikoni. Hakumchapa mtoto hata siku moja, lakini ulimi wake ulikuwa unachapa. Kalamu ya mwanafunzi aliyekuwa ananakili bila kufikiri aliwahi kuitupa juu ya paa, kisha akapanda mwenyewe kuitafuta na akakwama huko mpaka tukamletea ngazi. Na hili ndilo lililotuuma tulipolisikia: binti yake mwenyewe alikuwa anasoma mbali, shule ya bweni ya kukaririsha, ile ambayo watoto wanaamshwa na kengele na kulazwa na mtihani. Nilimuuliza, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Akasema, "Mke yangu nakataa habari ya udongo." Halafu, baada ya kutembea kidogo: "Na mimi pia niliogopa." Nilimheshimu zaidi kwa hilo la pili.

Darasa letu ndilo lililofika mbali kuliko yote. Alikaa nasi mpaka mwisho wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumeanza kuamini, na yeye, nadhani, alikuwa ameanza kuamini. Tulipanda wimbi nyuma ya mabweni, tukapalilia, tukahesabu mashina na kulinganisha lililotiwa samadi na lisilotiwa, na alikuwa ametuahidi kwamba mwakani tutalisaga, tutapika ugali wake na omena, wale dagaa ambao wao wanawaita mukene, na tutawaalika wazazi wale biolojia yetu. Kisha barua ya uhamisho ikaja. Alipelekwa shule moja upande wa Tororo. Kwa wema wao walimwacha amalize wiki.

Alikuja kutuaga shambani. Hakutoa hotuba. Alipita kwenye mistari ya wimbi akivuta magugu, magugu yenyewe hayapo, anashika hewa tu. Wasichana tulilia, wavulana walikuwa wanapiga teke udongo. Yule kijana wa nyumba ya katoni akamuuliza kwa nini asikatae.

"Nakataa kila mwaka," akasema.

Tulivuna bila yeye. Mwalimu mpya wa biolojia alikuwa mtu mzuri, anaandika ubao mzima kwa mwandiko safi, anafuta, anaandika tena. Tulinakili. Mtihani tuliupita, wengi wetu, na mkuu wa shule akapiga makofi, akasema mmeona? Kama vile tulikuwa tumekaa hiyo miaka ya mwanzo tukicheza. Hakuna aliyejiuliza tuliyajua vipi tangu mapema yale yote aliyotuandikia yule bwana. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi ya mkuu wa shule siku ya matokeo damu inanipanda.

Basi miaka ikaenda. Nikasomea ualimu, nikaolewa upande huu huu wa Uganda, na sasa mimi ndiye mkuu wa shule, shule ya binafsi kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Masafu. Na mtaala umebadilika, pande zote mbili za mpaka. Kila semina ni vitendo, ni umahiri, ni miradi. Ungedhani siku ya Mwalimu wa Mikono imefika! Wapi. Watoto wanaleta miradi iliyotengenezwa na mama zao, na mjini kuna maduka yanayouza mfano wa volkano uliokwisha kupakwa rangi. Nimeona volkano moja ikipita kwa ndugu watatu wa ukoo mmoja, na wote wamepewa alama. Natembea kwenye maonyesho natabasamu, wazazi wanapiga picha, na ndani naungua. Nasema hivi nami ni mmoja wao. Shule yangu inaishi kwa matokeo ya kidato cha nne. Matokeo yakianguka mwaka mmoja tu, wazazi watahamisha watoto, na mkurugenzi, mwenye shule, ataniita tuzungumze.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo alikuja. Nilikuwa ofisini nikasikia boda inazimwa, kisha sauti inamgombeza dereva kuhusu mnyororo wake uliolegea. Niliijua kabla sijamwona. Akaingia. Amekonda usoni, lakini miguu imevimba, kandambili zimeingia ndani ya nyama. Nikapiga magoti kumsalimu, maana huku nimeolewa na nimejifunza.

"Mkenya," akasema. "Inuka. Maji naingia darasa ya watoto wadogo."

"Najua, mwalimu. Karibu kiti. Tunangoja fundi."

"Nangoja nini? Mtaro iko upande mbaya. Nimeona nikipita."

Kiti hakukitaka, alishika mgongo wake tu na kusimama. Nikamuuliza habari za nyumbani, za mke, za binti, ambaye ni mhasibu Kampala. Akajibu harakaharaka. Alikuwa amestaafu, shamba limemchosha, anataka kufundisha, hataki mshahara. Kabla hajamaliza nilimkatiza, kwa furaha. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo bila kujua.

"Mwalimu, nakupa sinia wani. Wameingia juzi, wapya kabisa. Utakaa nao mpaka wamalize. Mimi ndiye mkuu wa shule hapa, hakuna mtu atakayekunyang'anya. Naapa."

Nilidhani atacheka, au atalia. Aliniangalia, kisha akatazama miguu yake.

"Daktari ya Masafu nasema moyo yangu imekuwa kubwa."

"Siku hizi kuna dawa, mwalimu."

"Iko. Nakunywa. Lakini mimi mwalimu ya biolojia, Mkenya. Najua moyo." Akahamisha uzito kwenye mguu mwingine. "Sinia wani ni miaka nne. Siwezi kudanganya watoto. Naanza na wao, halafu naacha wao njiani, vile watu walifanya mimi? Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Nipe sinia foo."

Nikaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Mwaka moja naweza," akasema. "Hao namaliza."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia yeye, au moyo wake, au wale wakuu wa shule waliomchezea mpaka akaishiwa na wakati. Angeniomba kitu chochote! Angeniomba shamba la shule, angeniomba nyumba. Ananiomba watahiniwa, lile darasa moja ambalo hakuna mkuu wa shule Busia wala Tororo aliyewahi kumwachia, na ananiomba mimi, mwanafunzi wake, kana kwamba mimi sina tumbo la kuogopa. Nilimwona mkurugenzi mbele ya macho yangu. Niliwaona wazazi na sare nyekundu.

"Mwalimu, chagua kingine."

"Hakuna kingine."

"Hao wana mtihani."

"Ndiyo. Na mimi niko nayo pia."

Nikamwambia anywe chai, nitaongea na mkurugenzi, tutaona. "Tutaona" ni neno la wakuu wa shule wote, nalijua ladha yake kwa sababu nililisikia likisemwa juu ya kichwa chake tangu nikiwa mtoto. Nikatoka mwenyewe kumfuatia chai jikoni, si kwa heshima tu, ni kwa kukimbia ile ofisi. Mpishi alichelewa na majani, nikasimama pale nikipanga maneno ya kumkatalia vizuri. Niliyapata. Yalikuwa maneno mazuri, ya afya yake, ya kupumzika.

Niliporudi na kikombe, ofisi ilikuwa tupu.

Sijakiweka kikombe mezani, mwalimu wa taaluma akaingia, kijana wa kemia, anahema. "Madam, sinia foo hawapo darasani. Kuna mzee amewatoa. Nimemuuliza, anasema umekubali."

Nikaenda dirishani. Walikuwa nyuma ya madarasa ya wadogo, watahiniwa wangu wote, na mashati nje. Wawili walikuwa wameshika mpira mrefu wa maji, huku na huku, wanauinua na kuushusha wakitafuta usawa wa maji ndani yake, na wengine wanabishana mtaro uelekee wapi. Msichana wetu wa kwanza darasani, ambaye hajawahi kupandisha sauti, alikuwa anamfokea mwenzake kwamba maji hayapandi mlima kwa sababu yeye anataka. Jana tu nilimsikia akikariri sheria ya vimiminika macho amefumba. Mwalimu wa Mikono alikuwa katikati yao anazunguka, polepole, mkono mmoja kifuani.

"Madam," kijana wa taaluma akasema, "ni kweli umekubali? Niwarudishe?"

"Nimekubali," nikasema. "Waache."

Akanitazama kama nimeugua, akatoka. Nikachukua simu nimpigie mkurugenzi kabla woga haujanirudia. Nikamwambia nimempa mwalimu wangu wa zamani kidato cha nne. Kisha akaniuliza, mpaka lini? Nikamjibu mpaka mwisho, nikakata simu kabla hajaniuliza mwisho wa nani.